Kukaa vizuri kwenye ndege masafa marefu: maswali kuhusu nafasi ya kiti daraja la kawaida

Majibu haya ni ya abiria wa daraja la kawaida, anayejiandaa kukaa angani kwa saa nane, kumi na mbili au hata kumi na saba. Msimamo wangu ni huu: sehemu kubwa ya starehe yako huamuliwa siku unapokata tiketi, na inayobaki huamuliwa na jinsi unavyousogeza mwili wako safarini. Mito na vifaa vinavyouzwa viwanja vya ndege huja baada ya hayo mawili.

Nimeona "inchi 31" kwenye maelezo ya ndege. Hiyo ndiyo nafasi ya miguu yangu?

Hapana, na hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Inchi hizo ni umbali kutoka sehemu fulani ya kiti chako hadi sehemu ileile ya kiti kilicho mbele yako. Ndani ya umbali huo umo pia unene wa mgongo wa kiti. Kwa safari ndefu, daraja la kawaida huwa na inchi 31 au 32, yaani kama sentimita 79 hadi 81. Ndege za nauli nafuu za masafa mafupi hushuka hadi inchi 28 au 29.

Ukitaka kujua kama utaenea, jipime. Weka stuli ukutani, kaa makalio na mgongo vikiwa vimegusa ukuta, kisha mtu akupimie kutoka ukutani hadi ncha ya goti. Tuseme umepata sentimita 60. Kwenye kiti cha inchi 31, ukitoa sentimita 8 za unene wa mgongo wa kiti cha mbele, zinabaki 71. Una sentimita 11 za kupumulia. Aliyepata 68 anabakiwa na tatu tu, na akiteleza kidogo mbele wakati wa kusinzia, magoti yameshagusa plastiki.

Ndiyo maana viti vya kisasa vyembamba vinaweza kukupa nafasi zaidi ya goti hata kama inchi zilizoandikwa ni zilezile. Hasara yake ni sponji: ni nyembamba, na ikifika saa ya sita makalio yanaijua. Jambo jingine dogo ni mfuko wa kiti. Ukiujaza chupa, tableti na kitabu, umejinyima sentimita kadhaa palepale goti linapogusa. Vitu hivyo viweke kwenye begi lililo chini ya kiti.

Kwa nini Boeing 777 ya shirika moja hukaa vizuri na ya shirika jingine hubana?

Kwa sababu ya kiti kimoja kilichoongezwa kwenye kila safu. Boeing 777 ilipoanza kubeba abiria mwaka 1995, mashirika mengi yalipanga viti tisa kwa safu, kila kimoja kikiwa na upana wa takriban inchi 18 au zaidi kidogo. Siku hizi wengi wanapanga kumi, vitatu, vinne, vitatu, na upana umeshuka hadi inchi 17 hivi. Kuta za ndege hazijasogea hata kidogo. Upana huo umetoka kwenye viti na kwenye njia za kupita, ndiyo maana kila toroli la chakula linapopita, aliyekaa pembeni mwa njia anagongwa kiwiko.

Boeing 787 nayo ilifikiriwa mwanzoni kwa viti vinane kwa safu. Karibu mashirika yote yakaweka tisa, kwa upana wa inchi 17 na kitu. Japan Airlines imebaki na vinane kwenye safari zake za kimataifa, na aliyewahi kukaa humo anajua tofauti yake. Airbus A350 yenye viti tisa kwa safu hutoa inchi 18 hivi. A330 hupanga viwili, vinne, viwili kwa upana kama huo, na kwa watu wawili wanaosafiri pamoja naipendekeza bila kusita: mnapata viti viwili vya upande wa dirisha na hakuna mtu wa tatu wa kumruka. Ghorofa ya chini ya A380 huwa na viti kumi, lakini ndege yenyewe ni pana, kwa hiyo kila mtu anapata zaidi ya inchi 18.

Inchi moja inaonekana ndogo kwenye karatasi. Lakini inchi 17 ni sentimita 43, na mabega ya watu wazima wengi yanazidi hapo. Watu watatu wa namna hiyo wakikaa pamoja, mabega lazima yagusane kwa safari nzima. Kama unachagua kati ya inchi moja ya upana na inchi moja ya miguu, na wewe si mrefu kupita kawaida, chukua upana.

Hakuna sheria inayoweka kiwango cha chini cha nafasi?

Kuhusu starehe, kwa sehemu kubwa hakuna. Kinachopimwa na sheria ni usalama: ndege ya abiria lazima iweze kutoa watu wote nje ndani ya sekunde 90 huku nusu tu ya milango ikitumika. Uingereza iliweka kiwango chake mwaka 1989, inchi 26 kutoka mgongo wa kiti chako hadi nyuma ya kiti cha mbele, baada ya ajali ya moto ya Manchester ya mwaka 1985 iliyoua watu 55.

Marekani suala hili limevutana kwa miaka. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa iliitaka mamlaka ya usafiri wa anga, FAA, ijibu ipasavyo ombi la kundi la abiria lililolalamikia viti kupungua. Mwaka 2018 Bunge likaiagiza FAA iweke vipimo vya chini. FAA ilifanya majaribio ya kuhamisha watu yaliyohusisha watu 720, lakini wote walikuwa na umri wa kati ya miaka 18 na 60. Mwaka 2022 ikaomba maoni ya umma, na maelfu ya watu wakaandika.

Mimi naona majaribio yasiyo na wazee, watoto wala watu wenye ulemavu hayawezi kutuambia tulichotaka kujua. Hao ndio hukaa kwenye viti hivyo kila siku, na ndio wanaochelewa zaidi kutoka safu ikiwa finyu.

Dirishani, katikati au pembeni mwa njia?

Kwa safari inayozidi saa nane, pembeni mwa njia, na sababu ni afya kuliko kitu kingine. Aliye dirishani akiona wenzake wawili wamelala, hanyanyuki. Anabana mkojo, anaacha kunywa maji ili asisumbue, na miguu inakaa vilevile usiku kucha. Aliye pembeni anasimama akitaka.

Dirishani kuna faida moja kubwa: ukuta wa kuegemeza kichwa. Kama usingizi wako ni mzito na safari ni ya usiku, huenda ukapata zaidi huko. Kumbuka tu kwamba ukuta umepinda, kwa hiyo karibu na miguu nafasi hupungua kidogo, na baadhi ya viti vina kisanduku cha mitambo ya skrini chini ya kiti cha mbele, kinachochukua nusu ya nafasi ya miguu.

Kiti cha katikati hakichaguliwi, huangukiwa. Ila kwenye safu ya viti vinne vya kati, kiti cha ndani kina nafuu moja: una pande mbili za kutokea, na hulazimiki kumruka zaidi ya mtu mmoja.

Pembeni mwa njia kuna jambo ambalo abiria wengi hawajaambiwa. Mkono wa kiti wa upande wa njia unaonekana haunyanyuki, lakini kwenye ndege nyingi unanyanyuka. Pitisha vidole chini yake, karibu kabisa na bawaba, utagusa kitufe au kijiti kidogo. Kibonyeze huku ukiinua. Ni msaada mkubwa kwa mwenye maumivu ya nyonga au anayehamia kitini kutoka kiti cha magurudumu. Wakati wa kupaa na kutua urudishe chini.

Je, inafaa kulipia kiti cha mlango wa dharura au cha safu ya mbele ukutani?

Mlango wa dharura, ndiyo, kama una miguu mirefu na unatimiza masharti: uwe mtu mzima mwenye nguvu, unaelewa maelekezo, husafiri na mtoto, na uko tayari kusaidia kufungua mlango. Wahudumu watakuuliza, na jibu lako lizingatie ukweli. Kabla ya kulipa angalia mambo mawili. Baadhi ya viti hivyo mlango umetokeza ndani, ukazuia mguu mmoja. Na karibu na mlango huwa baridi, hivyo beba soksi nzito.

Safu ya mbele ukutani ni mchanganyiko. Hakuna mtu wa kukulazia kiti, lakini meza na wakati mwingine skrini hutoka ndani ya mkono wa kiti. Hiyo ina maana mikono hiyo haiinuki na upana wa kukalia umepungua. Begi lako nalo lazima liende juu wakati wa kupaa na kutua. Mtu mrefu sana anaweza kugundua kwamba ukuta hauruhusu kunyoosha miguu kama mvungu wa kiti unavyoruhusu. Hapo pia ndipo vitanda vidogo vya watoto wachanga hufungwa, kwa hiyo kama unasafiri na kichanga, omba safu hiyo mapema, tena kwa simu.

Na viti vya nyuma kabisa?

Safu ya mwisho ikwepe: viti vyake havilali nyuma ipasavyo na foleni ya choo husimama kichwani pako. Lakini safu chache kabla yake, kwenye Boeing 777 nyingi, mwili wa ndege huanza kupungua na viti vitatu vya pembeni huwa viwili. Hapo dirishani hubaki upenyo wa kuweka begi. Mtikisiko husikika zaidi nyuma. Anayeuogopa akae usawa wa mabawa.

Nitajuaje haya yote kabla ya kulipa?

Tafuta aina ya ndege kwenye maelezo ya safari, kisha ramani ya viti ya shirika lenyewe. Hesabu viti kwa safu, maana idadi hiyo inakwambia upana kuliko tangazo lolote. Tovuti ya AeroLOPA huchora viti kwa vipimo vinavyofuata ndege yenyewe, na unaweza kuona dirisha liko wapi hasa na kiti kipi hakina dirisha kabisa.

Baada ya kuchagua, rudi kuangalia wiki moja kabla na tena siku ya kujisajili kwa safari, ambayo kwa mashirika mengi hufunguliwa saa 24 hadi 48 kabla ya kuondoka. Mashirika hubadilisha ndege, na namba yako ya kiti inaweza kuhamia mahali pengine bila taarifa ya maana. Siku hizo pia ndipo viti vizuri vilivyozuiliwa huachiwa. Mkiwa wawili kwenye safu ya viti vitatu, chagueni dirishani na njiani. Cha katikati huenda kikabaki wazi, na kikichukuliwa, mwenye nacho hatakataa kubadilishana nanyi.

Aliye mbele amelaza kiti hadi kifuani kwangu. Nina haki ya kumkataza?

Kiti kimetengenezwa kulala, na aliyekilipia anaruhusiwa kukilaza. Upande wa pili, wewe pia umelipia nafasi, naye ameichukua sehemu. Wote wawili mna haki, na aliyewabananisha ni aliyepanga viti. Kwa hiyo usimchukulie jirani kama adui.

Ninachofuata mimi ni hiki. Wakati wa chakula viti vinyooke, na ukimwomba mhudumu atamwambia aliye mbele bila wewe kugombana naye. Safari ya usiku, taa zikizimwa, kila mtu alaze. Safari ya mchana, laza nusu, na kabla ya kulaza geuka utazame kama aliye nyuma ana kikombe cha chai ya moto au kompyuta iliyofunguliwa. Laza polepole. Skrini ya kompyuta inaweza kunaswa kati ya meza na mgongo wa kiti ikavunjika kwa sekunde moja.

Usitumie vifaa vya kuzuia kiti kulala. Mwaka 2014 safari ya United kutoka Newark kwenda Denver ililazimika kutua Chicago kwa ugomvi ulioanzia kwenye kifaa cha namna hiyo.

Ukilaziwa kiti, njia nzuri ya kujipatia nafasi ni kulaza chako pia, hata kidogo. Pembe ikibadilika, uso unakaa mbali na skrini.

Mikono ya viti ya katikati ni ya nani?

Ya aliyekaa katikati, yote miwili. Wa dirishani ana ukuta, wa njiani ana njia.

Kuganda kwa damu miguuni ni hatari ya kweli au ni kutishana?

Ni ya kweli, ingawa kwa mtu mwenye afya ni ndogo. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kusafiri kwa saa nne au zaidi huongeza hatari takriban maradufu, na bado kwa mtu wa kawaida hubaki kama mmoja kati ya 6,000. Tena si ndege peke yake. Basi, gari dogo na treni vina tatizo hilohilo, kwa sababu chanzo chake ni kukaa bila kusogea.

Damu ya miguuni hurudi juu kwa kusukumwa na misuli ya mashavu ya miguu. Misuli ikitulia, damu inatuama, na ukingo wa kiti unaobana nyuma ya goti huongeza kizuizi. Ndiyo maana watu wafupi chini ya sentimita 160 walionekana kuwa na hatari zaidi, sawa na warefu waliozidi sentimita 190. Mfupi miguu yake haifiki sakafuni vizuri. Dawa yake ni begi dogo chini ya miguu ili mapaja yainuke kidogo kutoka kwenye ukingo.

Zoezi lenyewe ni rahisi. Kanyaga sakafu kwa vidole na uinue visigino juu, shikilia kidogo, kisha shusha visigino na uinue vidole. Rudia mpaka uhisi misuli ya nyuma ya mguu imepata joto. Fanya hivyo kila unapozinduka au filamu inapoisha, na kila saa mbili hivi simama utembee hadi nyuma ya ndege. Usikunje nne kwa muda mrefu. Vidonge vya usingizi siviungi mkono kwa safari hizi, kwa sababu vinakufanya ulale saa nyingi kwa mkao mmoja uliopinda.

Aliyewahi kupata tatizo hilo, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye saratani, mjamzito, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni au mwenye uzito mkubwa azungumze na daktari kabla ya safari. Anaweza kushauriwa soksi za kubana au dawa. Asijiandikie aspirini mwenyewe. Na baada ya safari, hata ikipita wiki kadhaa, mguu mmoja ukivimba na kuuma, nenda hospitali. Ukikosa pumzi ghafla au kifua kikikuchoma, nenda saa hiyohiyo.

Miguu yangu yote miwili huvimba kidogo. Ni kawaida?

Kuvimba kwa usawa, bila maumivu, ni kawaida na huisha kwa siku moja au mbili. Vaa viatu vinavyolegezeka. Ukivivua, usivifungie mbali, na usiende chooni na soksi tupu.

Nifanyeje nipate usingizi nimeketi wima?

Anza na kiuno. Viti vingi vimepinda pale mgongo wako usipopinda, hivyo kunja sweta au blanketi uweke kwenye uwazi juu kidogo ya mkanda wa suruali. Kichwa kinafuata chenyewe. Viti vingi vya safari ndefu vina mabawa kwenye sehemu ya kichwa yanayokunjwa kuelekea mbele, yavute hadi yashike mashavu. Mto wa shingo wenye unene nyuma husukuma kichwa mbele. Jaribu kuugeuza, ufunguke nyuma, ili kidevu kipate pa kutua.

Mkanda ufunge juu ya blanketi. Ndege ikianza kutikisika, wahudumu watauona na hawatakuamsha.

Kwa nini nashuka nikiwa mkavu na tumbo limejaa gesi?

Unyevu wa hewa ndani ya ndege mara nyingi ni asilimia 10 hadi 20 tu, na mgandamizo wa hewa huwa kama uko mlimani, hadi kimo cha mita 2,400. Boeing 787 na A350 hushikilia kama mita 1,800, na wengi huhisi nafuu. Gesi ya tumboni hutanuka katika mgandamizo huo, kwa hiyo soda na maharage ya jioni kabla ya safari utayajutia. Kunywa maji kidogo kidogo, vua lenzi za macho, punguza pombe.

Mimi ni mnene. Nifanye nini mapema?

Tafuta ndege yenye inchi 18, maana hapo ndipo tofauti yako kubwa ilipo. Kwepa safu ya ukutani na ya mlango wa dharura, kwa sababu ya mikono isiyoinuka na pia kwa kuwa mashirika mengi hayaruhusu kiungio cha mkanda kwenye mlango wa dharura. Kiungio hicho mwombe mhudumu wakati wa kupanda. Ni ombi la kawaida na hutolewa bure. Uliza pia sera ya kiti cha ziada kabla ya kulipa. Kanada, tangu uamuzi wa mwaka 2008, mashirika makubwa kwenye safari za ndani hayawezi kumtoza nauli ya pili mtu anayehitaji kiti cha ziada kwa sababu ya ulemavu, na unene uliothibitishwa kuwa ulemavu umo. Natamani kanuni hiyo ingekuwa ya kila mahali.

Daraja la kati, lililo juu kidogo ya la kawaida, lina thamani ya pesa yake?

Kwa saa sita, hapana. Kwa saa kumi na nne za usiku, kwa mtu mrefu au mwenye mgongo mbovu, ndiyo, kama nauli haijazidi sana. Hupata inchi 38 hivi, kiti kipana zaidi, na cha maana kuliko vyote, mkono wa kiti wako peke yako. Singapore Airlines kwenye safari yake ya Singapore hadi New York, ya zaidi ya saa 18, haina daraja la kawaida kabisa. Viti vyake huanzia daraja hili la kati.

Kiti changu hakilali, au skrini imekufa. Nimwambie nani, na lini?

Mwambie mhudumu kabla mlango haujafungwa, wakati bado kuna nafasi ya kukuhamisha. Mkishapaa, omba aandike kwenye taarifa ya safari, piga picha ya kiti na namba yake, tunza kipande cha pasi ya kupandia. Andikia shirika ndani ya siku chache ukitaja namba ya safari, tarehe na kiti, na useme wazi unachotaka: kurudishiwa pesa uliyolipia kiti hicho, au pointi. Kama ulilipia kiti cha nafasi ya ziada ukahamishiwa cha kawaida, pesa hiyo idai yote.